Dawa ya presha inanipandishia sukari, niiache?

Meseji za mwezi huu nyingi zinagusa kitu kimoja. Mtu ana sukari, siku moja anapimwa anaambiwa na presha ipo, anapewa vidonge, baada ya miezi miwili mitatu anaona kimashine chake kinasoma namba kubwa kuliko zamani, anaanza kuwaza kumbe hivi vidonge ndo vinaniharibia. Mi ni mfamasia, nimekaa dirishani miaka mingi hapa Dar na hili swali nalisikia karibu kila wiki, na wanaoniumiza zaidi ni wale wasiouliza kabisa, wanaacha kimyakimya, tunakuja kuwaona tena wakiwa wanaletwa na watoto wao mkono mmoja haunyanyuki. Kwahiyo leo safu yote ni ya hilo. Majina nimeyatoa ila maneno nimeyaacha kama walivyoandika wenyewe.

SWALI: Habari za kazi dada. Mi nina miaka 52 naishi Mbagala Kizuiani nauza vitenge. Sukari ninayo mwaka wa sita sasa, natumia metformini asubuhi na jioni na nilikuwa naenda vizuri tu, asubuhi kabla ya kula napata 7 au 7 na nusu. Mwezi wa nne nikapimwa presha ikawa 170 kwa 100, nikapewa atenololi na bendro. Tangu hapo sukari ya asubuhi ni 10, siku nyingine 11. Jirani yangu mumewe nae ni mgonjwa akaniambia hizo dawa za presha ndo zinapandisha sukari achana nazo, tumia kitunguu saumu na ndimu. Nikaacha wiki mbili. Juzi kichwa kinagonga nikaenda kupima famasi ya mtaani nikakuta 186 kwa 108 nikaogopa sana. Nikimeza sukari inapanda, nisipomeza presha inapanda, nifanyeje? Na hili jambo ni kweli au maneno ya mtaani?

JIBU: Shikamoo mama yangu. Kwanza kabla sijaeleza chochote, kesho asubuhi nenda kliniki, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na uwaambie ukweli kwamba umeacha dawa wiki mbili, usione aibu, wasipojua wanaweza kudhani dawa zimeshindwa wakakuongezea juu kwa juu. Na kama leo usiku kichwa kikizidi, ukaona macho yanafifia, kifua kinabana, mdomo unaenda upande au mguu unakufa ganzi, hapo hamna cha kesho, watoto waite bajaji uende hospitali saa hiyohiyo.

Sasa swali lako. Ni kweli, jirani yako hakudanganya. Ila kashika nusu ya habari, na hiyo nusu aliyoikosa ndo inayoua.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Insulini kazi yake ni kama mtu anayepiga hodi mlangoni. Sukari ipo kwenye damu, inataka kuingia kwenye msuli ikatumike, insulini inapiga hodi, mlango unafunguliwa, sukari inaingia. Kwa mtu mwenye sukari ya ukubwani kama wewe insulini mara nyingi ipo, shida ni kwamba hodi inapigwa na wenyeji hawaitikii, mpaka ipigwe mara tatu nne. Metformini unayomeza inasaidia hapohapo, inafanya hodi isikike vizuri na inalizuia ini lisimwage sukari ovyo usiku. Sasa zipo dawa za presha zinazofanya wenyeji wawe wagumu zaidi kuitikia, zipo zisizogusa kabisa huo mlango, na zipo zinazosaidia kidogo. Wewe mama umepewa mbili na bahati mbaya zote mbili ni za kundi la kwanza.

Bendro ni dawa ya kukojoza, inatoa maji na chumvi. Shida yake ni kwamba kwenye huo mkojo inatoka pia potasiamu, ile madini tunayopata kwenye ndizi na machungwa, na kongosho bila potasiamu ya kutosha linatoa insulini kwa kusuasua. Juu ya hapo misuli nayo inapunguza kuitikia. Ndo maana mtu akitumia bendro au HCT, ambayo ni ndugu yake, anaweza kuona sukari inapanda kidogo, na wengine wanakazwa na misuli ya miguu usiku. Lakini sikiliza hapa mama maana hapa ndo penye siri, mambo haya yanafuata sana ukubwa wa dozi. Mwaka 1990 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kujaribu bendro kwa dozi tofauti, kuanzia miligramu 1.25 mpaka 10, wakakuta presha inashuka karibu sawasawa kote, lakini aliyemeza 10 damu yake ilivurugika mpaka sukari, aliyemeza ile ndogo hata sukari haikuguswa. Yaani dozi kubwa inakuongezea madhara bila kukuongezea faida ya maana. Kwahiyo angalia karatasi ya kidonge chako imeandikwa ngapi. Kidonge cha 5 wengi wanaandikiwa nusu, alafu mtu anameza kizima kwa kuona uvivu wa kukikata, au kisu kimekipasua vipande akaona bora ameze chote. Kama na wewe ni hivyo waambie kliniki.

Atenololi nayo ina njia yake. Inapunguza mapigo ya moyo na damu inayoenda kwenye misuli inapungua kidogo, na msuli ndo mlaji mkubwa wa sukari mwilini, damu ikifika kidogo na sukari inayochukuliwa ni kidogo. Alafu inaongeza uzito. Waingereza walifuatilia wagonjwa wa sukari wenye presha 1,148 kwenye utafiti mmoja mkubwa uliotoa majibu 1998, wengine wakapewa kaptoprili wengine atenololi. Kwa miaka tisa wa atenololi waliongezeka wastani wa kilo 3.4, wa kaptoprili kilo 1.6. Na ile HbA1c, kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kwenye miaka minne ya mwanzo wa atenololi walikuwa na wastani wa 7.5 na wa kaptoprili 7.0.

Ukiishia hapo utasema basi atenololi ni sumu. Usiishie hapo. Utafiti huohuo ulipohesabu nani kapata kiharusi, nani kafa kwa sababu ya sukari, nani macho yameharibika, makundi mawili yalikuwa sawa, pamoja na ile sukari kupanda kidogo. Na walipolinganisha waliobanwa presha vizuri, wastani 144 kwa 82, na walioachiwa kidogo, 154 kwa 87, waliobanwa walipungukiwa kiharusi kwa asilimia 44. Mama, hizo ni pointi kumi tu za presha. Wewe yako juzi ilikuwa 186.

Na Marekani kuna utafiti mwingine mkubwa zaidi, watu zaidi ya 33,000, ulitoka 2002, ukalinganisha dawa ya kukojoza ya jamii ya bendro inayoitwa klorthalidoni, amlodipini na lisinoprili. Kwa wale ambao hawakuwa na sukari mwanzoni, baada ya miaka minne walioingia kwenye kiwango cha kisukari walikuwa asilimia 11.6 kwa dawa ya kukojoza, 9.8 kwa amlodipini na 8.1 kwa lisinoprili. Kwahiyo jirani yako ana ushahidi. Lakini ile dawa ya kukojoza iliyopandisha sukari kuliko zote haikushindwa na yoyote kwenye kuzuia mshtuko wa moyo, hata kwa wale waliokuwa na sukari tayari, na kwenye kuzuia moyo kushindwa kusukuma damu ilizishinda zote mbili. Mi hii habari nikiieleza watu dirishani wanashangaa, maana tumezoea kufikiri sukari ikipanda nukta moja basi kila kitu kimeharibika.

Kitu cha pili mama, na naomba usinichukie. Sukari yako imetoka 7 ikaenda 10, 11. Hizo dawa mbili kwa dozi za kawaida huwa hazina nguvu ya kuruka hivyo peke yake. Kuna utafiti uliotoka 2004 uliwachukua wagonjwa wa sukari na presha 1,235, waliopewa metoprololi, ambayo ni ndugu yake atenololi, HbA1c ilipanda kwa 0.15 tu. Kwahiyo nakuomba utafute na kingine. Metformini unameza zote mbili au ya jioni inasahaulika sokoni? Kuna jino linauma, kidonda mguuni, unaenda haja ndogo inachoma? Maambukizi yanapandisha sukari vibaya sana. Kuna mtu kakupa vidonge vya predinisoloni vya mafua au vya magoti? Hivyo vinapandisha sukari kuliko dawa zote za presha ukizijumlisha. Na tangu uambiwe una presha umepunguza kutembea kwa kuogopa moyo? Hiyo nakutana nayo sana, mtu akiambiwa presha anakaa tu kwenye kiti, kumbe kutembea kutoka Kizuiani mpaka Zakhem na kurudi kungefanya ile hodi isikike vizuri zaidi.

Ukifika kliniki omba vitu hivi kwa heshima tu, daktari hatokasirika: HbA1c, potasiamu na kreatinini ya damu, yaani kipimo cha figo, na mkojo uangaliwe protini. Alafu muulize, kwa kuwa nina sukari, naweza kubadilishiwa niwe na amlodipini, na kama figo zinaruhusu losartani au kaptoprili? Amlodipini haigusi sukari. Losartani na kaptoprili zinaegemea upande wa kusaidia, na mkojo ukikutwa na protini ndo kabisa, zinalinda figo. Ila nazo kwa sisi watu weusi zikisimama peke yake mara nyingi haziishushi presha vya kutosha, kwenye ule utafiti wa Marekani weusi waliopewa lisinoprili walipata kiharusi zaidi kuliko waliopewa dawa ya kukojoza, ndo maana tunazichanganya na amlodipini. Na daktari anaweza kuamua bendro ibaki kwa dozi ndogo, akikuambia hivyo usimwone kakudharau, kidonge kimoja mara chache kinatosha kwa presha kama yako. Atenololi kama ni ya kuacha atakupunguzia taratibu. Usiikate ghafla tena, moyo ukizoea breki alafu ukaitoa mara moja unarudi kwa kasi, kuna watu wamepata mshtuko wa moyo hivyo.

Kitunguu saumu weka kwenye mboga mama, kitamu. Kushusha 186 hakiwezi.

SWALI: Dokta baba yangu ana miaka 68 tupo Kimara Temboni, anachoma insulini ile ya mchanganyiko asubuhi na jioni na presha anatumia propranololi ya zamani sana, hata alieandika hatumkumbuki. Zamani sukari ikishuka alikuwa anatetemeka anasema moyo unaenda mbio tunampa chai ya sukari anakaa sawa. Sikuhizi anazima tu bila dalili, juzi alfajiri mama alimkuta kaloa jasho haongei, tukapima 2.1. Mjomba anasema ni mambo ya kienyeji. Ni nini hii?

JIBU: Pole sana, na hongera kwa kupima, wengi wangeanza kumsomea na kumfukiza kabla ya kushika kimashine. Hii kitu ina maelezo na ni muhimu kila nyumba yenye mtu wa insulini iyajue.

Sukari ikishuka chini ya 4 mwili unapiga kelele wenyewe, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka. Zile kelele zinapita kwenye njia ambayo propranololi kazi yake ni kuifunga. Kwahiyo sukari inashuka vilevile lakini kengele haisikiki, mzee anakuja kushtuka akili imeshaanza kuzima. Kuna dalili moja ambayo dawa hii haiizimi, jasho. Umesema mwenyewe mama alimkuta kaloa. Kuanzia leo jasho la ghafla kwa mzee, hata kama feni imezimika na ni mwezi wa pili, lichukulieni kuwa sukari imeshuka mpaka kimashine kikatae. Na propranololi ina ubaya mwingine hapa, ile kazi ya ini kutoa sukari ya akiba ili mtu apande mwenyewe inacheleweshwa pia. Ndugu zake wanaochagua moyo zaidi kama atenololi na bisoprololi wana hilo tatizo kwa kiasi kidogo, na ipo karvediloli ambayo kwenye ule utafiti wa 2004 niliousema juu haikusogeza HbA1c na usikivu wa insulini ukawa mzuri zaidi kidogo. Sisemi mkambadilishie wenyewe. Nasema mpelekeni wiki hii na boksi zote mkononi mkaulize kwa nini anatumia propranololi, maana inawezekana aliandikiwa kwa kitu kingine, moyo au mikono kutetemeka, na kama sababu imeshaisha daktari atampunguzia polepole.

Na msiiangalie propranololi peke yake. Mzee wa 68, figo zikianza kuchoka insulini inakaa mwilini muda mrefu, dozi iliyomfaa miaka mitano iliyopita sasa inamzidi. Chakula cha usiku anakula saa ngapi? Kama anachoma saa kumi na mbili alafu anasubiri taarifa ya habari ndo ale, mmeshapata jibu la nusu. Muulizeni daktari hata kama namba za mzee zinapaswa kulegezwa, kwa umri wake kukimbizana na 5 ya asubuhi ni hatari kuliko 8.

Akizima tena na bado anameza mate na kuitikia, mpeni vijiko vitatu vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, pimeni baada ya dakika 15, ikiwa bado chini mrudie, alafu ale kitu cha kukaa tumboni. Kama haitikii msimwage chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Mwambie mjomba kwa upole tu, nae anampenda ndugu yake, ila 2.1 ni ya kutibiwa kwa sukari.

SWALI: Mambo dada. Mi nina 34 niko Tabata Segerea, presha nimeanza mapema ni ya ukoo, natumia lisinoprili mwaka wa pili. Nimesoma mahali kwamba hizi dawa zinazuia sukari, na mama yangu ana sukari, kwahiyo nimefurahi. Ila nina kikohozi kikavu hakiishi nimemeza dawa za kifua mpaka basi na TB nimepimwa sina. Pia mwakani tunatafuta mtoto. Niendelee nayo?

JIBU: Poa mdogo wangu, na nashukuru umetaja la mtoto maana ndo zito kuliko yote hayo.

Lisinoprili, kaptoprili, enalaprili na jamii ya losartani hazitakiwi kwenye ujauzito. Zinaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea tumboni. Kwahiyo usisubiri mwakani na usisubiri ukose siku zako, nenda ukabadilishiwe kabla hamjaanza kutafuta, na mpaka ubadilishiwe tumieni uzazi wa mpango. Zipo zilizozoeleka kwa wajawazito kama methildopa na nifedipini ile inayoachia dawa taratibu mwilini, na hizo sukari haziigusi.

Kikohozi ni chenyewe hicho, lisinoprili, wala sio mapafu. Inazuia kitu fulani kuvunjwavunjwa kikajikusanya kwenye njia ya hewa kikakutekenya, na dawa ya kifua hata umeze lita haisaidii, kinaisha ukishabadilisha, mara nyingi ndani ya wiki chache. Ila sikiliza, siku yoyote ukiamka midomo au ulimi umevimba, usimeze tena kidonge hata kimoja na uende hospitali hapohapo, hiyo kwetu watu weusi inatokea zaidi kuliko kwa wazungu na inaweza kuziba koo.

Kuhusu kuzuia sukari, umesoma kweli. Kuna uchambuzi wa 2007 uliojumlisha tafiti 22 zenye watu zaidi ya 143,000, ukapanga dawa za presha kwa jinsi zinavyohusiana na watu kupata sukari mpya, na jamii ya losartani na lisinoprili ndo zilikuwa na wagonjwa wapya wachache, dawa za kukojoza na jamii ya atenololi wengi. Lakini 2006 walipojaribu makusudi, wakachukua watu zaidi ya 5,000 ambao sukari yao ilikuwa inanyemelea wakawapa ramiprili, ambayo ni ndugu wa hiyo yako, haikuzuia kisukari kwa kiwango cha kuaminika, ilisaidia tu baadhi yao sukari kurudi kawaida. Kwahiyo ichukulie kama dawa ya presha yenye tabia nzuri, usiitegemee kama kinga. Kwako mwenye mama mgonjwa, kiuno na kutembea ndo vinaamua zaidi, na upime sukari kabla ya kula angalau mara moja kwa mwaka, na ukishika mimba uwaambie kliniki mapema kwamba mama ana sukari.

SWALI: Natumia amlodipini ya 10, miguu inavimba jioni viatu haviingii, nina sukari pia. Je hii nayo inapandisha sukari na imeshaniua figo? Dereva daladala, Gongo la Mboto.

JIBU: Kaka, sukari haipandishi. Miguu kuvimba ni tabia yake inayojulikana, inafungua mishipa midogo maji yanachuruzika chini, na wewe unakaa kwenye usukani kutwa nzima, lazima yashuke. Kwa dozi ya 10 inatokea zaidi kuliko 5. Figo kufa sio kazi ya amlodipini, ila kwa kuwa una sukari miguu kuvimba usiiachie kwa kudhani tu, pima mkojo na kreatinini, na kama unaishiwa pumzi ukilala chali nenda haraka maana huo unaweza kuwa moyo. Vikiwa sawa, daktari anaweza kukushushia mpaka 5 akakuongezea losartani, mara nyingi uvimbe unapungua na presha inakaa vizuri zaidi. Lasix, ile dawa nyingine ya kukojoza, usijinunulie, kwenye uvimbe wa namna hii inakupeleka chooni tu na ile potasiamu inaondoka.

Na ukiskia watu wanasema amlodipini ni dawa dhaifu ya maskini usiwasikilize. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofanyika kwa Waafrika wenyewe, nchi sita zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji, wagonjwa 728, na michanganyiko yenye amlodipini ndani ndo iliyoshusha presha vizuri kuliko ule usio nayo.

SWALI: Mwanangu mimi ni mzee wa miaka 71 Kigamboni. Nina sukari na presha. Niliambiwa na kijana wa bodaboda kwamba dawa za presha zinamaliza potasiamu na sukari inapanda, kwahiyo ninywe madafu mawili kila siku na ndizi. Nameza losartani na spironolaktoni. Naendelea vizuri ila mwili umekuwa mlegevu.

JIBU: Shikamoo babu. Huyo kijana kakutakia mema lakini ushauri wake ni wa mtu mwingine, ni wa yule mama wa Mbagala mwenye bendro. Dawa zako wewe zote mbili zinafanya kinyume, zinaizuia potasiamu isitoke. Ukiongeza madafu mawili kila siku, na figo za mtu wa sukari wa miaka 71, potasiamu inaweza kujaa mpaka moyo ukapiga ovyo au ukasimama, na dalili yake mojawapo ya mwanzo ni huohuo ulegevu unaousema. Madafu simamisha leo babu. Ndizi nazo acha kwanza mpaka majibu yatoke. Na kama mgongo ukiuma usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, hizo zinapandisha presha na zikikutana na losartani zinaiumiza figo, tumia panadoli.

Kesho mtoto au mjukuu akupeleke ukapimwe potasiamu na kreatinini, ukiweza waombe na kipimo cha moyo cha umeme, na mwambie daktari umekunywa madafu kwa muda gani. Ukiona mapigo yanarukaruka au miguu inakataa kubeba kabla ya kesho, msisubiri asubuhi, pandeni pantoni usiku huohuo au mpite darajani.